Subira si kunyamaza: tiba ya kamba, mawe na maua

Wamo majumbani mwetu watu waliookoka vita, moto au ajali za baharini, nasi huwasifu kwa kuwa hawasemi. Baba haulizwi alichokiona. Mama akishtuka usiku kwa kilio, watoto huambiwa walale. Hali hiyo twaiita subira. Lakini Nabii Yaakub (a.s.), aliyeshika subira njema, alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na majonzi yake akayapeleka kwa Mola wake. Wala waandishi wa sira hawakuuficha msiba wa Mtume (s.a.w.) alipofiwa na Bi Khadija na Abu Talib, mwaka huo wanauita Mwaka wa Huzuni.

Kumbukumbu ya kawaida ina mahali pake: twajua ilikuwa lini na wapi. Kumbukumbu ya tukio la kutisha, wanaeleza wataalamu, hubaki vipande vipande: harufu ya moshi, mlio, moyo kwenda mbio, bila tarehe. Ndiyo maana mlango ukibamizwa leo, aliyeokoka hutetemeka kana kwamba risasi zinalia sasa hivi. Huo si udhaifu wa imani, na wanaowaambia wagonjwa hawa kwamba hawasali vya kutosha wachunge ndimi zao.

Ipo tiba ya kusimulia, iliyojaribiwa hapa jirani katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Utafiti wake, uliochapishwa mwaka 2008, uliwahusisha Wanyarwanda na Wasomali 277, na waliotoa tiba hawakuwa madaktari, bali wakimbizi wenyewe waliopewa mafunzo.

Katika tiba hii kamba hutandazwa sakafuni, iwe mfano wa umri wa mgonjwa tangu kuzaliwa. Huweka ua palipokuwa na furaha na jiwe palipokuwa na msiba. Sehemu ya kamba iliyobaki imekunjwa ni siku zijazo. Kisha, kikao baada ya kikao, husimulia maisha yake kwa mpangilio. Wakifika penye jiwe hawaharakishi: ulisikia nini, mwili ulihisi nini wakati ule, na sasa wahisi nini? Kikao hakifungwi hofu ingali juu. Mshauri huandika, na siku ifuatayo humsomea ili asahihishe. Mwishowe mgonjwa hukabidhiwa simulizi yake nzima, ikiwa na mahali na nyakati zake.

Walipopimwa tena miezi kadhaa baadaye, asilimia 70 ya waliosimulia hivyo hawakuhesabiwa tena kuwa wagonjwa wa kiwewe. Waliopewa ushauri nasaha wa namna nyingine walikuwa asilimia 65, tofauti ndogo. Lakini walioachwa bila tiba, wakifuatiliwa tu, walikuwa asilimia 37.

Hata hivyo, sebule zetu zisigeuzwe vyumba vya tiba. Shangazi anayedadisi mbele ya wageni humrudisha mtu motoni kisha akamwacha humo. Kazi hii yataka aliyefunzwa, na siri anayoisikia ni amana. Familia inaweza kumsindikiza mgonjwa hadi kitengo cha afya ya akili hospitalini, ikamngojea nje, ikaendelea kumwombea dua. Akirudi, apewe chai, wala asiulizwe alisema nini.