Mashine Zinavyoongea kwa Simu

Ukienda kununua mabati au saruji katika maduka ya hapa Majengo, Dodoma, huenda ukaambiwa: "Leo risiti hakuna, mtandao umekatika." Unalipa, unaondoka mikono mitupu. Bati likionekana bovu kesho, huna cha kuonyesha. Je, maneno ya muuzaji ni kweli? Ili tujibu, tujue kwanza jinsi kompyuta moja inavyoongea na nyingine iliyo mbali.

Kompyuta haijui a, e, i, o, u kama tulivyojifunza darasani. Inajua alama mbili tu: sifuri na moja. Kila herufi imepewa mfuatano wake wa alama nane. Alama hizo hupita katika waya moja baada ya nyingine, kama mbuzi wanaoingia zizini kwa mlango mwembamba. Mbele huwekwa alama ya kusema "naanza", na nyuma alama ya kusema "nimemaliza". Jumla zinakuwa kumi.

Lakini waya wa simu ulitengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu. Ndipo ikahitajika modemu, yaani chombo cha kugeuza alama kuwa mlio. Modemu za zamani zilitumia milio miwili, mmoja mzito na mmoja mwembamba. Modemu ya upande wa pili ilisikiliza milio hiyo na kuigeuza kuwa alama tena. Modemu ya alama 2,400 kwa sekunde ilipeleka herufi 240 kwa sekunde. Ukurasa wa herufi 2,400 ulichukua sekunde 10 hivi. Siyo haraka sana, lakini barua ya posta kwenda Ulaya nayo tunaijua!

Taabu ilikuwa kelele. Waliowahi kupiga simu ya mbali pale posta wanakumbuka: "Halo! Halo! Sikusikii, rudia!" Basi mashine nazo hufanya hivyo hivyo. Mwaka 1977 Ward Christensen wa Chicago, Marekani, alitunga utaratibu uitwao Xmodem. Barua hukatwa vipande vya herufi 128. Kwa kompyuta kila herufi ni namba, kwa hiyo mtumaji hujumlisha namba za kipande na kupeleka jumla hiyo pamoja nacho. Ni kama karani wa ghala anavyompa dereva wa lori hati yenye idadi ya magunia ya karanga. Mpokeaji naye hujumlisha. Hesabu zikilingana, hujibu "nimepata". Zisipolingana, hujibu "rudia". Kweli, makosa mawili yaweza kufutana na jumla ikaonekana sawa. Kwa sababu hiyo baadaye zilitumika hesabu ngumu zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti haijaenea kwetu, watu wa Afrika Mashariki waliandikiana kwa modemu kupitia Fidoneti, mtandao ulioanzishwa na Tom Jennings wa Marekani mwaka 1984. Simu za kimataifa zilikuwa ghali mno. Kwa hiyo barua zilikusanywa ndani ya kompyuta, kisha simu ikapigwa mara moja. Mashine zikapeana zote zilizokuwa zinangoja, zikakata. Baadhi ya barua za ng'ambo zilipitia GreenNet ya London. Laini ikikatika katikati, barua haikupotea. Ilibaki ndani ya kompyuta, simu ikapigwa tena.

Sasa turudi dukani. Mashine za risiti za TRA zilianza kutumika nchini mwaka 2010. Ndani yake mna laini ya simu na modemu ndogo inayoongea na minara badala ya waya. Mashine huandika kila mauzo katika kumbukumbu yake, halafu hupeleka taarifa kwenye kompyuta za TRA. Mtandao ukikatika kwa muda, risiti hutoka kama kawaida. Taarifa ndiyo inayongoja, kama zilivyongoja zile barua. Siwasemi wanaotoa risiti kwa kutumia simu ya mkononi, maana utaratibu wao ni mwingine. Nasema ile mashine ya mezani.

Kwa hiyo ukiambiwa mtandao umekatika, itazame mashine yenyewe. Kama inawaka na karatasi imo, mwombe muuzaji kwa upole ajaribu kwanza kuitoa hiyo risiti, kabla hujapakia bati lako kwenye mkokoteni.