Kifaa cha data kikikwama, usikimbilie kuchomoa waya

MWENYE studio ya picha Buruburu au saiba Umoja, ambaye kazi yake yote imo katika kisanduku kimoja cha diski kilichounganishwa na ruta, huingiwa na hofu kubwa kisanduku hicho kinapokwama katikati ya kurejeshwa katika hali kilivyotoka kiwandani. Taa inamweka, ukurasa wa kompyuta hausongi, na saa zinayoyoma.

Wengi huchukua hatua hiyo kwa sababu wamesahau neno la siri, au wamenunua kifaa kilichotumika ambacho bado kina neno la siri la mwenyewe wa awali. Kinapokwama, hukimbilia kuchomoa waya wa stima. Huenda hilo likawa kosa kubwa kuliko yote.

Kwanza, fahamu ni urejeshaji wa aina gani. Katika vifaa vya Synology, kubonyeza kitufe cha nyuma kwa takriban sekunde 4, hadi kilie mara moja, hubadilisha neno la siri la msimamizi na mipangilio ya mtandao tu. Faili hubaki salama. Vifaa vingine, kama vile My Book Live ya Western Digital, vina urejeshaji unaofuta kila kitu, na ule kamili huandika upya diski nzima. Diski ya terabaiti 4 ikiandikwa kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde huhitaji takriban saa 11. Hivyo basi, kinachodhaniwa kukwama huenda kingali kazini.

Pili, kagua anwani. Baada ya kurejeshwa, kifaa huomba anwani mpya kutoka kwa ruta, ilhali ukurasa uliofunguliwa kwenye kompyuta bado unaingojea ile ya zamani. Fungua ukurasa wa ruta na utazame orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Iwapo anwani ya kifaa inaanza kwa 169.254, basi hakikupata jibu kutoka kwa ruta. Jaribu waya mwingine.

Tatu, sikiliza. Diski ikivuma kama kawaida, subiri. Ikigongagonga, imeanza kuharibika, nawe uizime mara moja. Iwapo usiku mzima umepita, diski ni kimya na taa hazijabadilika, zima kwa kitufe chake. Kuchomoa waya kuwe hatua ya mwisho. Kisha toa diski, ukiziwekea alama za nafasi zake, na ukiwashe kifaa bila diski. Kikiwaka na kuonekana kwenye ruta, yamkini kasoro imo katika diski. Kisipowaka, kifaa chenyewe ndicho kibovu na huenda diski ni nzima.

Ikiwa faili zilizomo huna kwingine, usijaribu kurejesha mara ya pili. Data ambayo haijaandikwa juu yake yaweza kuokolewa na fundi anayeanza kwa kunakili diski nzima. Iliyokwisha kuandikwa juu yake haiokoleki. Aidha, usianze shughuli hii bila betri ya UPS, kwani stima ikipotea katikati, programu ya kifaa yaweza kuharibika.

Hata hivyo, stima siyo hatari ya pekee. Mnamo Juni 2021, wamiliki wa My Book Live katika nchi mbalimbali walikuta vifaa vyao vitupu. Wahalifu walikuwa wametumia kasoro za programu kuviamuru, kupitia intaneti, vijirejeshe katika hali ya kiwandani. Kampuni ilikuwa imeacha kuvitolea masasisho tangu 2015, na ushauri wake wa kwanza ulikuwa kuviondoa kwenye intaneti.

Waliokuwa na nakala kwingine walinusurika. Hata kisanduku chenye diski mbili zinazofanana hakikuwa kinga, kwa maana amri moja hufuta zote mbili. Picha za harusi ya mteja hazipigwi tena. Kabla ya kugusa kitufe hicho, nakili faili katika diski nyingine, uichomoe na kuiweka mbali.