Unataka kupanga meno? Uliza kwanza nanga iko wapi

Umeamua kufungwa waya ili meno yako ya mbele yaliyochomoza yarudi nyuma. Kabla ya kuanza, muulize daktari swali moja: meno hayo yatavutwa kwa kushikilia nini?

Fikiria umekaa ndani ya mtumbwi, ukauvuta mwingine kwa kamba. Mitumbwi yote miwili itasogea. Lakini kamba hiyo ikifungwa kwenye mti ufukweni, mti utabaki palepale na mtumbwi utakuja.

Ndivyo ilivyo kinywani. Mara nyingi waya huvuta meno ya mbele kwa kutegemea magego. Nayo magego husogea mbele kidogo kidogo, yakila nafasi uliyoipata kwa kung'oa jino. Kwa mtu mzima aliyekwisha kupoteza magego, tatizo ni kubwa zaidi kwa kuwa hana pa kushikilia.

Hapo ndipo kipandikizi hufanya kazi ya nanga. Ni skrubu ya titani inayowekwa ndani ya mfupa wa taya. Mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, aligundua miaka ya 1950 kwamba titani hushikamana na mfupa, na mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza. Jino la asili husogea kwa sababu limeshikwa na nyuzi laini zilizo kati ya mzizi na mfupa. Kipandikizi hakina nyuzi hizo, hivyo kikishashikamana na mfupa, waya haukisogezi.

Vipo vya aina mbili. Kikubwa huachwa mfupani miezi kadhaa kishike, hutumika kuvutia meno, kisha hubaki na kubeba jino bandia. Kidogo ni skrubu yenye unene wa milimita 2 hivi au pungufu. Huwekwa kwa ganzi ya sindano, na kazi ikiisha hutolewa.

Msomaji, zingatia mambo matatu. Kwanza, usiwekewe kipandikizi kikubwa kabla mpango wa waya haujakamilika. Kikikaa mahali pasipofaa hakiwezi kuvutwa. Kukiondoa ni upasuaji mwingine na gharama nyingine. Daktari anayepanga meno na anayeweka kipandikizi washauriane kwanza.

Pili, mtoto anayekua asiwekewe kipandikizi cha kubeba jino. Taya litakua, nacho kitabaki pale pale, na jino lake litaonekana limezama.

Tatu, skrubu ndogo inaweza kulegea. Isafishe kila siku kwa mswaki laini, na uache sigara. Ukiona inacheza, fizi zimevimba au unasikia maumivu, rudi kliniki mapema, wala usijaribu kuikaza mwenyewe. Kulegea si mwisho wa matibabu. Daktari anaweza kuiondoa na kuweka nyingine mahali pengine.