Amri ya Mungu na Kanuni za Kanisa: Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tulisoma Marko sura ya 7, tukaona Yesu alivyowakemea Mafarisayo juu ya korbani. Mtu akishatangaza kwamba mali yake ni wakfu kwa Mungu, aliruhusiwa kuwanyima wazazi wake, na dini ikamhesabia haki. Leo tulilete jambo hili nyumbani.

Nkubu Jumapili asubuhi utawakuta Wakatoliki, Wamethodisti, Wapresbiteri na Wapentekoste, kila kundi na taratibu zake za mavazi, ubatizo na ndoa. Taratibu si dhambi. Paulo aliwataka Wakorintho wafanye mambo yote kwa mpango. Hatari huanza pale kanuni inapokalia kiti cha Mungu.

Tazama msiba. Maiti bado iko mochari, naye mjane anapekua sanduku la chuma akitafuta kadi ya zaka ya marehemu. Mzee wa kanisa anahesabu miezi ambayo haikulipiwa, kisha anasema mchungaji hawezi kuja kuzika. Biblia inaagiza wajane watunzwe. Kadi inaagiza walipe kwanza. Hiyo ndiyo korbani yetu.

Kanuni yenye lengo jema nayo yaweza kupotoka. Ukishika barabara ya Embu kutoka Nkubu utafika karibu na Chogoria, ambako Dkt. Archibald Irvine wa misheni ya Kiskoti alifika mwaka 1922. Alipinga ukeketaji, na kama daktari alijua madhara yake. Katika hilo hakukosea. Lakini mwaka 1929 misheni za Kiprotestanti za eneo la Mlima Kenya ziliwataka waumini waukane ukeketaji kwa kiapo, kwa sahihi au kwa alama ya kidole gumba. Watu wakakiita kirore. Kwingine kiapo hicho kiligusa hata uanachama wa KCA, chama cha siasa. Aliyekataa alitengwa na kanisa.

Chogoria ilipoteza sehemu kubwa ya waumini wake kwa muda mfupi. Waliotoka katika misheni hizo walijenga shule na makanisa yao ya kujitegemea, na kanisa la AIPCA, ambalo hadi leo lina waumini Meru na Embu, lina mizizi katika mgogoro huo. Mwaka 1956 baraza la Njuri Ncheke, likiungwa mkono na serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji Meru. Wasichana wengi wakakaidi, wakakeketana wenyewe kwa wenyewe, wakaitwa Ngaitana.

Somo liko wazi. Kuulinda mwili wa msichana ni haki, na leo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inasimamia ulinzi huo. Kosa lilikuwa kulifanya jambo la kufundishwa kwa subira kuwa mtihani wa wokovu, likachanganywa na siasa na kupimwa kwa wino wa kidole. Kidole kilitiwa wino, moyo haukuguswa.

Basi tuipimeje kanuni? Uliza maswali matatu. Je, inamkaribisha mnyonge au inamfukuza? Je, anayeitunga naye anaibeba? Je, ikiondolewa, upendo kwa Mungu na kwa jirani unapungua? Kanuni ikishindwa maswali haya, ni ya watu, hata ikisomwa madhabahuni. Ukiona inadai mtu ajinyime chakula hadi afe, kama ilivyotokea Shakahola, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, usingoje kuuliza swali la pili. Ondoka, utoe taarifa.

Wiki ijayo tutaingia Warumi 14, kuhusu wanaotofautiana juu ya vyakula na siku. Kwa sasa, wazee wa kanisa, kaeni na katiba zenu mezani, Biblia ikiwa wazi kando yake. Na mjane akija kuomba maziko, mzikeni marehemu wake kwanza.