Kuongeza Chumba Bila Kubomoa Nyumba ya Mawe: Kazi ya Kioo

Familia nyingi za Mji wa Kale wa Lamu huishi katika nyumba za mawe walizoachiwa na wazee wao. Upana wa vyumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, kwa kawaida chini ya mita 3. Familia ikikua, nafasi huwa finyu. Wengine hubomoa ukuta na kuunganisha chumba kipya cha zege, na hapo ndipo nyumba huanza kuharibika.

Kwa nini ukuta huharibika?

Ukuta wa kale ni wa matumbawe na chokaa. Hunyonya unyevu na kuutoa polepole. Ukipakwa saruji, unyevu na chumvi hukwama ndani, plasta hubambuka na mawe huanza kumomonyoka. Isitoshe, jengo jipya hutitia kidogo linapokaa kwenye msingi wake. Likiwa limeshikana na ukuta wa kale, huuvuta na kuupasua.

Kioo husaidia vipi?

Chumba kipya hujengwa kando, kikiwa na msingi na nguzo zake. Nafasi nyembamba huachwa kati yake na nyumba ya kale, kisha hufunikwa kwa kioo juu na ubavuni. Mlango wa zamani hutumika kama njia, kwa hiyo hakuna ukuta unaovunjwa. Kioo kikiondolewa siku moja, nyumba hubaki ilivyokuwa.

Mfano mkubwa uko London. Mwaka 2000, ua wa jengo la mawe la British Museum ulifunikwa kwa paa la vioo 3,312. Kingo za paa hilo zimewekwa juu ya vishikio vinavyoteleza, ili lisisukume kuta za kale linapotanuka kwa joto. Kwa nyumba ndogo, raba laini kati ya fremu na ukuta hufanya kazi kama hiyo.

Mambo ya kuzingatia Pwani

• Joto: Paa la kioo lisilo na kivuli hugeuza chumba kuwa tanuri. Liwekewe kivuli cha mbao na matundu ya kupitisha upepo.
• Chumvi: Fremu za chuma cha kawaida hushika kutu haraka.
• Usalama: Kioo cha juu kiwe cha tabaka mbili zenye utando katikati, ili kikipasuka vipande visiangukie watu.
• Maji ya mvua: Yaelekezwe mbali na ukuta wa kale.
• Msingi: Kuchimba karibu mno na ukuta wa kale kunaweza kuuangusha.

Ruhusa

Mji wa Kale wa Lamu umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Kioo kinafaa zaidi nyuma ya nyumba au kiwandani kuliko upande wa mtaani, kwani sura ya mtaa ni ya wote. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, ujenzi unahitaji ruhusa ya kaunti. Wenye nyumba wanashauriwa pia kuwaona maafisa wa Makavazi ya Kitaifa, wakiwa na mchoro wa fundi, kabla ya jiwe la kwanza kuguswa. Ushauri unaotolewa baada ya ukuta kuanguka hauwezi kuurudisha.