Rangi Ilipogeuka Hati ya Shamba

Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga wa Kilimanjaro walianzisha chama cha kulinda na kuuza kahawa yao. Mibuni waliipanda kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, chini ya migomba, na mtawala wa Kiingereza pale Moshi, Charles Dundas, aliwaunga mkono licha ya kelele za walowezi. Ng'ambo ya mpaka, Kiambu na Nyeri, kulikuwa na miteremko yenye rutuba, mvua ya kutosha na watu waliozaliwa na jembe mkononi. Lakini Mkikuyu hakuruhusiwa kuwa na mbuni hata mmoja shambani kwake. Serikali ya Kenya ilisema inahofia magonjwa ya mimea, na kwamba kahawa duni ingeharibu jina la koloni sokoni. Walowezi walikuwa na hofu nyingine, na hawakuifanya siri: mtu mwenye kahawa yake haendi kuchuma ya mwenzake kwa ujira wa kijungujiko.

Kila ninaposikia watu wakibishana kama rangi ndiyo inayoamua maisha ya mtu kuliko mali, au mali kuliko rangi, kahawa hiyo ndiyo inayonijia. Mchaga na Mkikuyu walikuwa weusi sawasawa, chini ya Mwingereza yuleyule. Kilichowatenga ni amri ya nani apande nini. Kahawa ya Mchaga ilipitia chama cha msingi, na kuanzia 1933 ikauzwa na chama kikuu, KNCU. Fedha zilirudi nyumbani zikawa mabati ya nyumba na karo ya watoto. Mkikuyu alibaki na mikono yake ya kukodisha. Majaribio madogo yaliruhusiwa Meru, Embu na Kisii miaka ya 1930, mbali na mashamba makubwa ya Wazungu. Kiambu na Nyeri walisubiri hadi miaka ya 1950, vita vya Mau Mau vilipowasukuma watawala kuja na Mpango wa Swynnerton wa 1954. Mtoto aliyezaliwa mwaka Wachaga walipounda chama chao alikuwa na miaka 29, na huenda tayari alikuwa na watoto wa kwenda shule.

Rangi ya ngozi, basi, haikumfukarisha mtu yenyewe. Ilipewa kazi na sheria, na kazi hiyo ilikuwa kuchagua nani apite kwenye njia za kupata mali na nani azuiwe. Ukiitazama Kenya ya wakoloni kipande kwa kipande, unauona utaratibu mzima. Sheria ya ardhi ya 1915 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999 kwenye Nyanda za Juu. Mwafrika mwanamume alivishwa kitambulisho cha kazi kilichoitwa kipande, kikaning'inizwa shingoni ndani ya kikopo cha bati, kikiwa na alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara aliolipwa. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoumiza zaidi. Bwana mpya alikifungua kikopo, akasoma bwana wa zamani alilipa kiasi gani, naye hakuwa na sababu ya kuongeza hata senti. Mtu alitembea na umaskini wake umeandikwa na kutiwa sahihi.

Wapo wanaosema fedha hufuta rangi. Watazame maisha ya A. M. Jeevanjee. Alikuja kutoka Karachi, akapata kandarasi za reli ya Uganda, akajenga sehemu kubwa ya Nairobi ya mwanzo, akaanzisha gazeti, na mwaka 1910 akateuliwa kuwa Mhindi wa kwanza kwenye Baraza la Kutunga Sheria. Walowezi wengi walikuwa wakiishi kwa mikopo ya benki wakati yeye akimiliki mitaa. Hata hivyo sera ilikuwa kwamba mashamba ya Nyanda za Juu ni ya Wazungu tu, na utajiri wake wote haukumpatia haki ya kununua shamba huko. Baadaye, mwaka 1948, Tume ya Holmes ilipendekeza kwamba mtumishi wa serikali asiye Mzungu alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile. Daktari na daktari, cheti kwa cheti, na mmoja anaondoka na shilingi 60 pale mwenzake anapochukua 100. Kanuni hiyo ilidumu hadi Tume ya Lidbury ilipoikataa mwaka 1954. Kwa hiyo katika miaka hiyo jibu halina utata: rangi ilikuwa juu ya mali, kwa sababu dola ilisimama nyuma yake.

Swali gumu linaanza baada ya 1963.

Bendera ilipopanda, rangi iliondolewa kwenye vitabu vya sheria. Mali haikuguswa kwa namna hiyo. Kuanzia 1962 skimu za makazi ziligawa ekari zipatazo milioni moja za Nyanda za Juu kwa familia zipatazo 35,000. Mlowezi aliyetaka kuondoka alilipwa bei yake, kwa fedha ambazo sehemu kubwa ilitoka Uingereza kama mkopo, na aliyepewa kipande cha ardhi ndiye aliyeulipa mkopo huo kwa mazao. Baadhi ya waliolipa walikuwa wamezaliwa kwenye mashamba yaleyale kama maskwota. Baba zao walikuwa wameyafyeka. Mashamba mengine mengi hayakukatwa kabisa. Yalipita mazima, pamoja na nyumba, matrekta na mifugo, kwa makampuni na kwa Waafrika wachache waliokuwa na cheo, dhamana, au mtu wa kuwapigia simu benki. Mipaka ya shamba ilibaki palepale. Aliyekaa ndani alibadilika rangi.

Shuleni ilikuwa vivyo hivyo. Prince of Wales ikawa Nairobi School, Duke of York ikawa Lenana. Milango ilifunguliwa kwa watoto wote, na kwa haki kabisa. Tume ya Ominde ilikuwa imependekeza hivyo mwaka 1964. Lakini shule zilizokuwa za Wazungu ziliendelea kutoza karo kubwa kuliko zilizokuwa za Waafrika, na kwa mama muuza mboga wa Pumwani karo hiyo ilifanya kazi ambayo zamani ilifanywa na sheria.

Uamuzi ambao mimi naona ulikuwa na madhara marefu kuliko yote ni Waraka Namba 10 wa mwaka 1965, ulioelekeza fedha za maendeleo ziende mahali ambapo zingezaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Kwa hesabu ya uchumi ulikuwa na mantiki. Ila mahali hapo palikuwa pale ambapo reli ilipita kwa ajili ya walowezi, na pembezoni mwake. Kaskazini, iliyofungwa na wakoloni kwa sheria ya wilaya za mbali ya 1902, ilihesabiwa kuwa haizai, ilhali haikuwahi kupewa mbegu. Katiba ya 2010 ilibidi iunde Mfuko wa Usawazishaji, asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kila mwaka, ili kupeleka maji, barabara, afya na umeme kwa watu walioachwa nyuma. Mtoto wa Mandera na mtoto wa Nyeri wana rangi moja na pasipoti moja, na maisha yaliyopishana kabla hawajajifunza kusema.

Majirani walijaribu njia nyingine. Idi Amin, mwaka 1972, alifuata rangi waziwazi: Waasia wa Uganda walipewa siku 90. Maduka na viwanda vyao viliishia mikononi mwa wanajeshi na watu wao, ambao wananchi waliwaita mafutamingi. Rafu zikabaki tupu na mkulima wa pamba hakupata mnunuzi bora. Tanzania, mwaka mmoja kabla, ilifuata mali: sheria ya 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyakabidhi kwa Msajili wa Majumba. Sheria haikutaja rangi ya mtu, na Mwalimu Nyerere alikuwa mkweli katika hilo. Mwaka 1961 alikataa bungeni uraia wa kuangalia rangi hata alipopingwa na watu wake. Lakini walioguswa zaidi walikuwa Waasia, kwa kuwa ukoloni ulikuwa umewaelekeza kwenye biashara na majengo ya mjini huku ukimzuia Mwafrika asipate bidhaa kwa mkopo. Ukigusa mali katika nchi ambayo mali iligawiwa kwa rangi, umegusa rangi, upende usipende.

Leo hii, kwa kijana wa Nairobi, nina hakika mali ina uzito zaidi. Sisemi rangi imekwisha. Yapo mashirika yanayomlipa mgeni mara kadhaa ya mwenyeji anayemfundisha kazi, na ipo mikahawa ambayo mlinzi humsimamisha mtu mweusi na kumfungulia Mzungu lango. Hayo yanauma na yakomeshwe. Ila mketishe kijana huyo mbele ya afisa mikopo. Ana wazo, ana leseni ya biashara, ana rekodi ya mauzo ya miaka mitatu kwenye simu. Fomu haiulizi rangi wala kabila. Inauliza hati miliki. Anayefuata kwenye foleni anaitoa ndani ya bahasha, jina la marehemu babu yake likiwa limebadilishwa kuwa lake, na babu aliipata kwenye ule ugawaji wa miaka ya 1960. Mkopo unapita. Wa kwanza anaambiwa atafute mdhamini.

Kwa hiyo siwezi kuwaunga mkono wanaosema tusahau ya ukoloni tuzungumzie umaskini tu, wala wanaosema tumlaumu mkoloni tu. Hati ile ina historia zote mbili, na ya pili tuliiandika wenyewe. Mwaka 1982 Kenya ilifuta kodi ya urithi. Mwaka 1985 ikasimamisha kodi ya faida itokanayo na kuuza ardhi na majengo, na haikuirudisha hadi 2015. Kwa miaka 30 mtu aliweza kurithi au kuuza ekari alizopewa babu yake bila serikali kudai chochote kwenye faida hiyo, huku muuza mitumba akilipa ushuru wa soko kila asubuhi. Kodi ya urithi haijarudi. Bunge linalopitisha bajeti kila Juni lina uwezo wa kuirudisha kwa mashamba makubwa, likaacha vishamba vya wakulima wadogo, na kuzielekeza fedha hizo kwenye karo za sekondari na mikopo isiyodai hati. Wabunge wengi wana mashamba. Hilo tuwaulize wanapokuja kuomba kura.