Dawa Hii Yapiga Wapi?

Si wachache kati ya wasomaji wetu wenye mwana au ndugu aliyepanga Pipeline, kule Embakasi jijini Nairobi, penye maghorofa yaliyokabiliana hata jua haliwafikii wakaao chini. Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, tarehe 13 Machi 2020, watu waliambiwa wajitenge. Mwenye chumba kimoja, mke na watoto watatu, angejitenga wapi? Kilichokuwa karibu naye ni duka la dawa lililo chini ya jengo, na huko pesa ya kodi iliishia katika vidonge vya malaria, antibiotiki na chochote kilichovumishwa wiki ile.

Twataka kueleza kwa nini vingi vya vidonge hivyo havikufaa kitu, kwani uvumi wake haujaisha.

Bakteria ana maisha yake na ukuta wake, na antibiotiki humpiga papo hapo. Kirusi hakina nyumba. Huingia katika seli ya mtu na kutumia vyombo vya mwenyeji. Ukivivunja vyombo hivyo umemvunja mgonjwa. Kwa hiyo wataalamu hutafuta kile kidogo ambacho ni cha kirusi chenyewe, ama mlango kinaoupitia.

Mlango wa korona ni protini iitwayo ACE2, iliyo juu ya seli zetu. Hapa ndipo penye kisa cha haidroksiklorokwini, jamaa ya dawa ya malaria ya zamani. Maabarani iliweza kukizuia kirusi katika seli za figo za tumbili, na watu wakashangilia. Lakini katika seli hizo kirusi humezwa kwanza ndani ya kifuko, na dawa hupunguza asidi ya kifuko hicho. Katika seli za pafu la mwanadamu kipo kimeng'enya kinachokifungulia kirusi pale pale juu ya seli, bila kupitia kifuko. Dawa ilifunga mlango wa uani, mwizi akaingia kwa mlango wa mbele. Juni 2020 watafiti wa Uingereza, katika jaribio la RECOVERY, walitangaza kwamba wagonjwa zaidi ya 1,500 waliopewa dawa hiyo hawakunusurika kifo kuliko wenzao wasiopewa.

Mwezi uo huo jaribio lile lile lilileta habari njema ya deksamethasoni, dawa ya bei nafuu. Hiyo haikigusi kirusi kabisa. Hutuliza kinga ya mwili iliyoghadhibika ikaharibu mapafu. Kwa waliokuwa katika mashine ya kupumulia, ilipunguza vifo kwa thuluthi moja. Kwa asiyehitaji oksijeni haikufaa, hivyo kuinunua dukani kwa kikohozi cha siku mbili ni kuizima kinga wakati inapohitajika.

Waliolenga kirusi chenyewe walipata shabaha mbili. Ya kwanza ni mnakili, yaani kimeng'enya kinachonakili maandishi ya kirusi. Remdesiviri humpa mnakili huyo herufi bandia, akakwama. Molnupiraviri humkosesha mpaka nakala zisisomeke. (Sisi tuliosahihisha mbao za madrasa twauelewa mfano huu upesi.) Ya pili ni mkasi. Kirusi hutengeneza protini zake zikiwa mnyororo mmoja mrefu, kisha huukata vipande kwa mkasi ambao mwili wetu hauna mfano wake. Nirmatrelviri, iliyomo katika vidonge vya Paxlovid, huubana mkasi huo.

Januari 2022 kampuni 27, mojawapo ya Kenya, zilipewa ruhusa ya kutengeneza molnupiraviri ya bei nafuu au viambato vyake. Lakini vidonge hivi vya aina mbili vina sharti: vianzwe ndani ya siku tano tangu dalili kuonekana, kirusi kingali kikinakiliwa kwa wingi. Na siku tano za Pipeline twazijua: mbili za tangawizi na kujifukiza, moja ya kuificha homa jirani na mwenye nyumba wasijue, moja ya kungoja ujira wa kibarua, na ya tano ndiyo ya kuuliza hospitali iko wapi.